Tajiri Akisema "Hasara", Mwulize Hasara Ipi

Kila mwaka unapofika wakati wa mapatano ya mishahara, viongozi wa matawi husikia neno lile lile kutoka upande wa pili wa meza: hasara. Tajiri hufungua hesabu zake, huweka kidole kwenye mstari wa chini kabisa, na kusema, "Ndugu zangu, mwaka huu kampuni haikupata kitu." Wajumbe hutazamana. Hakuna aliyewafundisha kusoma ile mistari mingine iliyo juu ya mstari wa chini, na jambo kubwa mara nyingi limelala huko juu.

Makala hii ni ya mistari hiyo. Tumechukua kampuni ya madini kuwa mfano, lakini ndugu wa kiwanda cha bia na ndugu wa mashamba ya chai wasigeuze ukurasa, maana hesabu zao huandikwa kwa mpango ule ule.

Tuanzie Grande Barrière, pale Gisenyi, mpakani na Goma. Nyuma yako kuna kiwanda cha Bralirwa kilichojengwa Gisenyi tangu 1957, na chai ya Pfunda. Mbele yako kuna Kivu yenye bati, koltani na dhahabu. Watu wa mpaka huu hawahitaji kufundishwa biashara. Mama anayevusha nyanya anajua bei aliyonunulia, ushuru aliotoa na bei aliyouzia, tena kwa faranga za Rwanda, faranga za Kongo na dola, zote kichwani. Kampuni kubwa hufanya hesabu hiyo hiyo, ila imeongezewa majina magumu.

Chukua chukudu, ile baiskeli ya mbao inayobeba mizigo mjini Goma. Tuseme mama mmoja amenunua chukudu kwa dola 96, na ameweka dola 24 pembeni za vipuri na chenji. Mtaji wake wote ni dola 120. Amemwajiri kijana aisukume. Kwa mwezi chukudu inaingiza dola 100. Mshahara wa kijana ni dola 74, mipira, grisi na matengenezo dola 10, ushuru dola 4. Zinabaki dola 12.

Je, hizo 12 ni faida? Bado. Chukudu inakufa. Ikiwa itadumu miaka miwili, yaani miezi 24, basi kila mwezi inaliwa dola 4, na mama asipoziweka kando, siku mbao zitakapovunjika hatakuwa na ya kununulia nyingine. Fedha hizo huitwa uchakavu. Toa 4, zinabaki dola 8. Hizo ndizo faida ya uendeshaji: kile ambacho kazi yenyewe imezaa baada ya kulipa gharama zote za kazi pamoja na kuchakaa kwa chombo, lakini kabla ya kulipa riba ya deni na kodi ya faida.

Dola 8 kwa mwezi ni dola 96 kwa mwaka. Zigawe kwa mtaji wa dola 120, unapata 80 kwa mia. Hiyo ndiyo faida juu ya mtaji. Msishangae kuwa ni kubwa. Pale ambapo chombo ni mbao na nguvu yote ni ya miguu ya kijana, mtaji ni mdogo, na kidogo kinachobaki huonekana kingi kikipimwa juu yake.

Sasa tuongeze jambo moja. Nusu ya ule mtaji, dola 60, mama aliikopa kwa riba ya 10 kwa mia kila mwezi. Kila mwezi analipa riba ya dola 6. Katika zile dola 8 anabaki na dola 2 tu. Kijana akiomba nyongeza ya dola 4, mama atamwonyesha mkono: "Mwanangu, mimi mwenyewe napata dola mbili." Wala hasemi uongo. Lakini kazi ya chukudu haikuzaa dola 2, ilizaa dola 8, na 6 zimekwenda kwa mkopeshaji. Na kama mkopeshaji huyo ni mume wake mwenyewe, basi dola 6 hazikutoka nje ya nyumba.

Mwenye kuuelewa mfano huo ameelewa sehemu kubwa ya mapatano ya mishahara katika kampuni za kigeni.

Twende mgodini. Tuchukue kampuni ya kubuni, na tarakimu zilizorahisishwa ili mtu aweze kuzifuata kwa penseli. Inauza tani 1,600 za bati kwa mwaka, kwa dola 25,000 kila tani. Mapato ya mauzo ni dola milioni 40. Gharama zake ni hizi: mishahara milioni 9, mafuta na umeme milioni 7, baruti, zana na dawa za kusafishia milioni 4, usafiri na bima milioni 4, mrabaha wa serikali milioni 2, ofisi na usimamizi milioni 3, uchakavu milioni 5. Jumla milioni 34. Faida ya uendeshaji ni milioni 6.

Kisha inalipa riba ya milioni 5 kwa mkopo wa milioni 40. Inabaki milioni 1. Tuseme kodi ni 30 kwa mia, yaani laki 3. Mstari wa chini unasema laki 7. Huo ndio mstari ambao tajiri huwekea kidole: "Tumeuza milioni 40, tumebakiwa na laki 7, hata 2 kwa mia haifiki."

Mjumbe mwenye kujua atauliza maswali mawili. La kwanza: faida ya uendeshaji ni ngapi, na mtaji uliotumika ni ngapi? Mtaji uliotumika huonekana kwenye karatasi nyingine, iitwayo mizania. Unajumlisha mali za kudumu kama mashine, mashimo, barabara na majengo, kisha unaongeza fedha za mzunguko, yaani madini yaliyo ghalani na madeni ya wateja, ukitoa yale kampuni inayodaiwa na wauzaji wake. Tuseme mali za kudumu ni milioni 45 na mzunguko ni milioni 15. Mtaji ni milioni 60. Milioni 6 juu ya milioni 60 ni 10 kwa mia. Wengine hutoa kodi kwanza ndipo wagawe, na hapo watapata kidogo zaidi. Si vibaya, mradi njia iwe moja kila mwaka.

Swali la pili: aliyekopesha milioni 40 ni nani? Ikiwa ni benki, sawa, benki imechukua chake. Lakini kampuni nyingi za madini hukopeshwa na kampuni mama iliyoko ng'ambo. Hapo zile milioni 5 za riba zimekwenda kwa mwenye mali yule yule, kwa mlango mwingine. Laki 7 amezipata kwa jina la faida, milioni 5 kwa jina la riba. Tena riba hutolewa kabla ya kodi, kwa hiyo hazina ya serikali nayo imepunguziwa fungu lake. Ndiyo maana sisi tunasema mfanyakazi aanze na faida ya uendeshaji. Mstari wa chini unaeleza namna wenye mali walivyogawana, na mfanyakazi hakuwepo walipoamua kukopa.

Tuijaribu nyongeza ya mshahara kwa hesabu hii. Chama kinadai 10 kwa mia. Mishahara milioni 9 inaongezeka kwa laki 9. Faida ya uendeshaji inashuka kutoka milioni 6 hadi milioni 5.1. Faida juu ya mtaji inashuka kutoka 10 hadi 8.5 kwa mia. Hayo ndiyo mazungumzo ya kweli: je, mwenye mtaji aweza kuishi na 8.5 badala ya 10? Anaweza kukataa, lakini hawezi tena kusema kampuni itakufa.

Halafu tazameni bei. Bati ikishuka kutoka dola 25,000 hadi 24,000 tu, kampuni hii inapoteza milioni 1.6 za mauzo. Mrabaha nao unapungua kidogo, lakini pigo bado linazidi lile la nyongeza nzima ya mishahara. Ikishuka hadi 20,000, mauzo ni milioni 32 na uendeshaji wenyewe unaingia katika hasara ya zaidi ya milioni 1.5. Ikipanda hadi 30,000, faida ya uendeshaji inapita milioni 13, na juu ya mtaji ni zaidi ya 22 kwa mia. Wachimbaji ni wale wale, saa za kazi ni zile zile, mawe ni yale yale. Gharama za mgodi hazifuati bei. Shimo lazima lipigwe maji nje, taa ziwake, walinzi walipwe. Ndiyo sababu bei ikitikisika kwa sehemu moja katika tano, faida inaweza kuwa maradufu au kutoweka.

Wala si mfano wa mezani tu. Mwezi Machi 2022 bei ya bati katika soko la London ilikaribia dola 50,000 kwa tani. Kabla ya mwaka huo kwisha ilikuwa imeanguka chini ya 20,000. Mchimbaji wa Kivu au wa Rutongo hakufanya lolote kuipandisha, wala lolote kuishusha.

Katika nchi yetu pigo kubwa la namna hiyo lilikuja mwaka 1985, na wazee wa Rutongo, Gatumba, Rwinkwavu na Musha walilionja. SOMIRWA iliundwa mwaka 1973 kwa kuunganisha kampuni zilizokuwapo tangu wakati wa Wabelgiji. Serikali ya Rwanda ilikuwa na hisa 49 kwa mia, na Géomines ya Ubelgiji 51. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ikajenga tanuri la kuyeyushia bati huko Karuruma, karibu na Kigali. Wazo lenyewe lilikuwa la heshima. Kwa nini tuuze mawe na wengine wauze chuma safi?

Lakini lisomeni kwa jicho la faida juu ya mtaji. Tanuri ni mtaji mzito. Siku lilipomalizika, ile tarakimu ya chini ya mgawanyo ikawa kubwa ghafula. Ili kiwango cha faida kisianguke, faida ya uendeshaji nayo ilipaswa kupanda kwa kadiri hiyo, kila mwaka. Tanuri lina njaa, na nguvu zake zilipita mawe yaliyotoka migodini. Tanuri likifanya kazi nusu, uchakavu na riba havipungui nusu. Na nchi isiyo na bandari hulipa kila lita ya mafuta na kila kipuri pamoja na safari ndefu ya kutoka pwani.

Wakati huo huo bei ya dunia ilikuwa imesimamishwa kwa mikongojo. Baraza la Kimataifa la Bati lilikuwa likinunua bati ili bei isianguke, na nchi wazalishaji wanachama, Zaire ikiwamo, zilikuwa zimewekewa kiwango cha kuuza nje. Tarehe 24 Oktoba 1985 Baraza hilo likaishiwa fedha. Soko la London likasimamisha biashara ya bati, na halikuirudisha hadi 1989. Bei iliyokuwa zaidi ya pauni 8,000 kwa tani ikaanguka chini ya nusu yake katika miezi michache. Mwaka huo huo wa 1985 SOMIRWA ikafilisika. Maelfu ya wachimbaji wakabaki na koleo bila mwajiri, na wengi wakaendelea kuchimba kwa mikono yao, kilo kwa kilo. Ni mwaka ule ule ambao CESTRAR iliundwa, ingawa mambo hayo mawili hayakuzaana. Mwishoni mwa miaka hiyo serikali iliunda REDEMI kushika migodi. Leo Rutongo, Musha na Nyakabingo ziko chini ya Trinity Metals, iliyoundwa mwaka 2022, na lile tanuri la Karuruma liliwashwa tena na LuNa Smelter.

Watu hubishana hadi leo kama SOMIRWA iliuawa na bei, na madeni, au na usimamizi. Kwa maoni yetu bei peke yake haikutosha. Kampuni yenye mtaji mwepesi ingekonda. Yenye tanuri la mkopo ilianguka.

Sasa vuka Grande Barrière kwa fikra uende mbali ndani ya Walikale, kwenye mgodi wa Bisie wa kampuni ya Alphamin. Huko mawe yana bati karibu 4 kwa mia, wakati migodi mingi ya dunia haifiki hata 1. Kwa hiyo kila tani ya bati inahitaji mawe machache, baruti chache, mafuta machache, na faida ya uendeshaji ni nene hata kama barabara ni mbaya. Mwaka 2024 mgodi ulitoa tani 17,324 za bati, kutoka 12,568 mwaka uliotangulia, baada ya kufungua sehemu ya pili iitwayo Mpama Kusini. Katika kampuni inayoendesha mgodi huo, Alphamin ina hisa 84.14 kwa mia, shirika la serikali ya Afrika Kusini 10.86, na serikali ya Kongo 5. Tarehe 13 Machi 2025, vita vilipokaribia baada ya Goma kutekwa mwezi Januari, kampuni ilisimamisha kazi, na ikaanza kurudi kwa hatua mwezi Aprili. Katika siku kama hizo hakuna mauzo mapya, lakini riba haisimami, na mashine zilizolala nazo huzeeka.

Hapa yafaa tutoe onyo. Kampuni za madini hupenda kutangaza faida ya aina ya tatu, yaani faida kabla ya riba, kodi na uchakavu. Ni kubwa kuliko zote, kwa sababu hata kuzeeka kwa mashine hakujatolewa. Katika mfano wetu ingekuwa milioni 11. Angalieni tabia hii: mbele ya wenye hisa husomwa milioni 11, mbele ya wafanyakazi husomwa laki 7. Zote mbili zimo katika hesabu zile zile. Lakini nasi tusifanye hila hiyo hiyo kwa upande wetu. Mjumbe anayedai mishahara juu ya milioni 11 anadai kula chukudu yenyewe.

Uchakavu nao una michezo yake. Mali zikizeeka katika vitabu, mtaji unaonekana mdogo, na faida juu ya mtaji inaonekana kubwa bila mtu kufanya la ziada. Kinyume chake, kampuni ikiamua kuzipandisha mali zake thamani mwaka wa mapatano, kiwango kitashuka kwa kalamu tu. Ulizeni: thamani ya mali imebadilishwa mwaka gani, na nani aliipima? Tena mgodi si shamba. Mchai ukitunzwa huchumwa miaka hamsini na zaidi, lakini mawe yakitoka hayarudi. Kwa hiyo mwenye mgodi lazima arudishiwe mtaji wake kabla mshipa haujaisha, na 10 kwa mia ya mgodi wa miaka minane si sawa na 10 kwa mia ya chai. Hilo ni haki kulikubali. Nasi tuna haki ya kuuliza mshipa umebakisha miaka mingapi, maana ajira zetu zina umri ule ule.

Katika migodi mingi ya Rwanda kuna jambo jingine. Mchimbaji hulipwa kwa kilo anazoleta, si kwa mwezi, na mara nyingi kupitia mtu wa kati. Malipo yake basi hayaandikwi kwenye mstari wa mishahara, yanaandikwa kwenye ununuzi wa madini au huduma za nje. Mkiambiwa "mishahara yetu ni mikubwa", tazameni ni ya nani. Mstari huo waweza kuwa wa ofisi tupu, na watu wa shimoni wamefichwa kwenye mstari wa manunuzi pamoja na magunia.

Na bati inauzwa kwa nani? Kampuni ikimwuzia ndugu yake wa ng'ambo kwa bei ya chini ya soko, faida imehamishwa kabla hata ya kuandikwa, na faida ya uendeshaji haitaonyesha kitu. Dawa yake ni kugawa mauzo kwa tani, kisha kulinganisha na bei ya London ya miezi ile ile. Tofauti ndogo ni ya kawaida, kwa sababu madini ambayo hayajayeyushwa hukatwa gharama za tanuri. Tofauti kubwa inataka maelezo.

Hesabu zinapatikana wapi? Kampuni iliyo katika soko la hisa hulazimika kuzitangaza: Bralirwa imo katika soko la Kigali tangu 2011, na Alphamin imo katika masoko ya Kanada na Johannesburg, nayo hutoa taarifa kila robo mwaka. Kwa kampuni isiyo na hisa sokoni, chama kiombe kwa barua. Pendekezo namba 163 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1981, linasema waajiri wa serikali na wa binafsi, wakiombwa na vyama vya wafanyakazi, watoe habari za hali ya uchumi ya kampuni zinazohitajika kwa mapatano yenye maana. Pendekezo si sheria, lakini lina uzito mezani. Ombeni hesabu za miaka mitatu au minne pamoja na mizania zake, kwa sababu mwaka mmoja wa madini haueleweki peke yake. Barua ipelekwe mapema, angalau miezi miwili kabla ya mapatano, na jibu liwe la maandishi. Kampuni ikikataa kuzitoa, kukataa huko kuandikwe katika kumbukumbu za mkutano, pamoja na tarehe.